Nzi wenye chokaa miguuni

Nilipoingia jeshi la Marekani sikupewa kazi niliyoitamani. Nilitaka bunduki na parachuti kama vijana wengi. Karatasi ikatoka imeandikwa afya ya kinga. Maana yake ni kupima maji, kukagua jikoni, kutega nzi na mbu, na kuhakikisha choo kiko mbali na mahali watu wanapolala na kula. Nilipopiga simu Nyahururu kueleza habari hiyo, mama alinyamaza kidogo, halafu akauliza, "Kwa hiyo umeenda Amerika kuchimba vyoo?" Sikuwa na jibu la kumpa. Aibu ya swali lile nilitembea nayo miezi mingi.

Walioniondolea aibu hiyo ni watu waliokufa mwaka 1898.

Nayaandika haya kwa sababu mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, ametia sahihi mwaka huu. Alinipigia saa tano usiku, sauti imejaa furaha, akaanza kuniuliza habari za silaha. Nikamwambia, "Mambo ya silaha watakufundisha wenyewe. Mimi nina mengine ya kukwambia, lakini hayaishi kwa simu." Nilimwandikia barua ndefu. Hapa nimeipanua kwa ajili ya vijana wengine wa kwetu, maana wanaojiunga na jeshi hilo siku hizi si haba, na wengi wanaenda wakidhani hatari pekee ni risasi.

Sisi watu wa tiba jeshini hufundishwa Fort Sam Houston, mjini San Antonio, Texas. Wiki ya kwanza sajini aliyekuwa anatufundisha, mama mmoja mpole ambaye sikuwahi kumsikia akipiga kelele, aliandika ubaoni namba mbili: 385 na 2,061. Akatuambia, "Hawa ni askari wetu waliokufa katika vita na Uhispania. Namba ipi ni ya waliouawa na adui?" Darasa zima tukasema ile kubwa. Akatikisa kichwa. Risasi na mizinga ya Wahispania iliua 385. Wale 2,061 walikufa kwa mambo mengine, na mengi ya mambo hayo yalikuwa ni maradhi. Akachukua kitambaa, akafuta 385, ile nyingine akaiacha ubaoni mpaka jioni.

Vita vile vilikuwa vifupi sana. Meli ya kivita ya Marekani, Maine, ililipuka bandarini Havana, Cuba, iliyokuwa koloni la Uhispania, mwezi Februari 1898, vita vikatangazwa Aprili, na kufikia katikati ya Agosti mapigano yalikuwa yamesimamishwa. Vijana zaidi ya 200,000 walijitokeza kwa hiari yao, kutoka mashambani, madukani, vyuoni. Wengi wao hawakuiona Cuba kabisa. Walipelekwa kwenye makambi ndani ya Marekani kusubiri meli, na huko kwenye kusubiri ndiko walikofia.

Kambi kubwa ilikuwa Chickamauga, Georgia, penye uwanja wa vita vya wao kwa wao vya miaka ya 1860. Iliitwa Camp Thomas. Makumi ya maelfu ya watu walimiminwa mahali ambapo udongo ni mwembamba na chini yake ni mwamba wa chokaa. Mtu aliyekulia kwenye choo cha shimo ataelewa mara moja. Ukichimba ukagonga jiwe, shimo linabaki fupi. Likibaki fupi linajaa upesi. Likijaa watu wanakwenda vichakani. Mvua ikinyesha, kila kitu kinateremkia kisimani. Wale vijana walikuwa wageni wa maisha ya kambi, na wengi wa maafisa wao walikuwa wageni vilevile.

Waliotumwa na jeshi kuchunguza taifodi iliyokuwa inaenea makambini walikuwa madaktari watatu, Walter Reed, Victor Vaughan na Edward Shakespeare. Walizunguka makambi mwezi baada ya mwezi. Katika yote waliyoyaona, kuna moja ambalo sajini alituhadithia na halijanitoka. Juu ya vinyesi mashimoni kulikuwa kumenyunyizwa chokaa ili kupunguza uchafu. Nzi walikuwa wanatua mle, kisha wanaruka mpaka kwenye mahema ya chakula. Madaktari wakawaona nzi wanatembea juu ya chakula cha askari, miguu yao imegeuka myeupe kwa chokaa.

Fikiria umeshika sahani yako. Nzi anatua kwenye nyama, na miguuni amebeba ushahidi wa mahali alikotoka. Hakuna hadubini inayohitajika hapo. Kila afisa mwenye macho angeweza kuona.

Darasani nilimkumbuka mama yangu. Mwaka 1994 niliugua taifodi, nikalala wiki tatu, nywele zikanyonyoka. Tangu hapo mama hakuruhusu maziwa yakae bila kawa, na kila jioni alimwaga majivu ya jikoni kwenye choo chetu, kisha akafunika tundu kwa kibao chenye mpini alichokichonga baba. Sisi watoto tulipigwa kwa kusahau kile kibao. Nilidhani ni ukali tu wa mama. Kumbe mwanamke yule ambaye hakumaliza darasa la saba alikuwa anafanya kazi ambayo jeshi zima la Marekani lilishindwa kuifanya Chickamauga.

Tume ile ya madaktari watatu ilipohesabu rejimenti 92, yaani vikosi vikubwa, zenye watu 107,973, iliona waliougua taifodi walikuwa 20,738, na kati yao 1,590 walikufa. Katika rejimenti za wale vijana wa kujitolea, zaidi ya tisa katika kila kumi zilipata ugonjwa huo ndani ya wiki nane tangu kupiga kambi. Na madaktari wengi makambini walikuwa wanaandika kwamba ni malaria. Hilo nalo halikunishangaza. Kwetu nani hajaandikiwa dawa ya malaria kwa homa ambayo baadaye ilionekana ni kitu kingine? Ugonjwa unaoujua jina ndio unaouona kila mahali. Reed na wenzake walipopima damu, malaria nyingi ziligeuka kuwa taifodi, na mgonjwa wa taifodi aliyeachwa ndani ya hema na wenzake anaweza kuwaambukiza.

Kilichoniuma kuliko vyote ni kwamba baadhi ya madaktari wa kambi walisema mapema. Waliomba kambi zihamishwe, mashimo yachimbwe vizuri, maji yachemshwe. Lakini daktari jeshini wakati ule alikuwa mtu wa kushauri tu. Mwenye kuamuru alikuwa afisa wa kikosi, naye mara nyingi aliona habari za vyoo ni usumbufu wa watu waoga.

Nimekutana na afisa wa namna hiyo. Mwaka 2012 nilikuwa Kuwait, kwenye kambi ndogo jangwani. Nilipima tenki moja la maji nikakuta klorini imeisha kabisa. Nikaandika, nikapeleka, nikasema maji yale yasitumike hata kuoshea vyombo mpaka tutie dawa upya. Kapteni mmoja alisoma, akaniambia msafara wa maji mengine ni kesho kutwa, na watu wake si watoto. Nilipiga saluti nikatoka. Siku mbili baadaye watu 19 walikuwa wanahara, wawili wamewekewa dripu. Hakufa mtu. Lakini usiku ule, nikishika chupa ya dripu juu ya kijana wa miaka 20 aliyekuwa anatetemeka, nilijua nimefanya kosa kubwa: nilisema mara moja nikanyamaza, kwa kuwa yeye ni kapteni na mimi ni mpima maji. Ilinipasa niende kwa aliye juu yake usiku uleule. Kanuni zinaruhusu. Mpwa wangu, hilo ndilo nililokuandikia kwa herufi kubwa.

Jambo moja la faraja ni kwamba jeshi lilijifunza. Mwaka 1898, penye kambi ya Jacksonville, Florida, taifodi iliua watu 248 katika kikosi cha askari wapatao 10,700. Mwaka 1911 jeshi lilikusanya askari zaidi ya 12,000 hapohapo San Antonio, wakiwa wamechanjwa na makambi yamepangwa kwa akili, na aliyeugua taifodi alikuwa askari mmoja tu. Mwaka huo chanjo ikawa lazima kwa askari. Nilichomwa sindano yangu ya taifodi katika mji huohuo, mkono ukavimba siku mbili, na sikulalamika.

Sasa nije kwa jambo ambalo ni gumu kwangu kulisema.

Katika jeshi lililokwenda Cuba kulikuwa na rejimenti nne za askari weusi, zile za 9 na 10 za farasi, na za 24 na 25 za miguu. Rejimenti ya 24 ilitoka Fort Douglas, karibu na Salt Lake City, huko Utah, nchi ya milima na theluji. Walisafirishwa mpaka Tampa, Florida, kungoja meli, na huko wakaonja ya kuonja. Askari weupe wa kujitolea kutoka Ohio, wakiwa wamelewa, walimnyang'anya mama mmoja mweusi mtoto wake wa miaka miwili wakamfanya shabaha, washindane kuona nani atapitisha risasi karibu naye. Risasi ilipita kwenye mkono wa shati la mtoto. Askari weusi waliposikia waliingia mitaani kwa hasira, na usiku ule wa tarehe 6 Juni damu ilimwagika Tampa. Siku chache baadaye walipanda meli kwenda kupigania uhuru wa Wacuba.

Tarehe 1 Julai rejimenti hiyo ya 24 ilipanda kilima cha San Juan chini ya risasi. Wengi wamesikia habari za kilima kile kwa jina la Theodore Roosevelt, aliyekuja kuwa rais wa Marekani. Mimi nataka kusema habari za wiki mbili baadaye, ambazo si wengi wanaozisimulia.

Homa ya manjano ilikuwa imeingia. Kijijini Siboney, ufukweni, nyumba zilichomwa moto kwa kuhofia ugonjwa, na hospitali ilikuwa ya mahema. Wauguzi hawakutosha. Rejimenti ya 24 ikapelekwa huko. Kamanda wao alipouliza nani yuko tayari kuingia kuuguza, watu makumi walipiga hatua mbele. Waliosha matapishi meusi, walibeba maiti, walichimba makaburi. Sababu ya kuchaguliwa wao ilikuwa imani iliyoenea kwa majenerali na hata kwa madaktari, kwamba mwili wa mtu mweusi hauingiliwi na homa ya manjano. Kwa imani hiyohiyo waliajiriwa pia wanawake weusi kuja kuuguza.

Imani hiyo ilikuwa ya uongo. Homa ya manjano humwacha aliyewahi kuugua akapona, haiangalii ngozi. Na watu waliotoka kwenye theluji za Utah wangekuwa wameugua homa hiyo wapi? Wengi wa rejimenti ile walianguka, wengine wakafia hapohapo Siboney. Kwamba ugonjwa unaletwa na mbu, daktari Carlos Finlay wa Havana alikuwa ameshalisema tangu 1881 asisikilizwe. Reed na wenzake walikuja kulithibitisha Cuba mwaka 1900, na mmoja wao, Jesse Lazear, akafa katika kazi hiyo.

Mara ya kwanza nilipoyajua haya nilijiwa na picha ya mchana mmoja Kuwait, mwezi Julai, joto limefika nyuzi 48. Tulikuwa tunapokezana kazi ya nje, nusu saa juani, nusu saa kivulini. Zamu yangu ilipoisha, kiongozi wangu aliniambia, "Wewe endelea. Wewe mtu wa Afrika, jua hili ni la kwenu." Hakusema kwa chuki. Alitabasamu, na wenzangu wakatabasamu.

Mimi ni wa Nyahururu, mita zaidi ya 2,300 juu ya bahari. Julai kwetu mtu anavaa sweta mbili na bado anasogelea jiko. Joto lile sikuwahi kuliona maishani kabla ya jeshi. Lakini sikumwambia hivyo. Niliendelea kubeba zile chupa za vipimo vya maji, na la kusikitisha ni kwamba nusu ya moyo wangu ilimwamini. Nilijisikia nimesifiwa. Nilitaka wamwone Mwafrika ambaye jua halimwezi. Baada ya muda nikaona jasho limekoma, ngozi imekauka kama karatasi, na kelele za jenereta zikaanza kusikika kana kwamba zinatoka chini ya maji. Nilizinduka ndani ya hema la tiba, nimefunikwa mashuka yaliyolowekwa kwenye maji ya barafu, na luteni wa tiba anaita jina langu karibu na sikio. Figo zangu zilichukua wiki kadhaa kurudi sawa.

Ndiyo maana nawaza sana kuhusu wale waliopiga hatua mbele Siboney. Walikuwa na huruma, hilo sina shaka nalo, na walikuwa na ushujaa ambao sina. Lakini nadhani baadhi yao nao waliambiwa wana miili ya pekee, na katika nchi iliyowanyima kila sifa nyingine, waliipokea ile moja waliyopewa. Sifa ya namna hiyo inaua. Anayekusifu hivyo hahesabu tena maji unayokunywa.

Katika kikosi chetu kulikuwa na Mfilipino mmoja, mzaliwa wa kisiwa cha Samar, mtu wa maneno machache. Siku moja nilimweleza habari za namba za yule sajini, 385 na 2,061. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hao angalau wamehesabiwa." Baada ya kuwashinda Wahispania, Marekani ilivichukua visiwa vya Ufilipino, na Wafilipino waliokuwa wanapigania uhuru wao wakageukiwa kuanzia Februari 1899. Kwa miaka zaidi ya mitatu askari wa Marekani walipigana porini na kwenye matope ya mpunga, na wapatao 4,200 walikufa. Upande wa Wafilipino wapiganaji zaidi ya 20,000 waliuawa, na raia waliokufa kwa vita, njaa na magonjwa, kipindupindu kikiwemo, wanakisiwa kufika 200,000. Rejimenti ya 24 ilikuwepo huko pia. Kijana mmoja wake, David Fagen, mzaliwa wa Tampa, aliliacha jeshi mwezi Novemba 1899 akaenda kupigana upande wa Wafilipino.

Rafiki yangu hakunihubiria. Aliniambia tu kwamba kijijini kwao bibi wazee waliendelea kuogopa sauti ya viatu vizito. Nilimjibu kwamba sisi tuna Kariokor. Niliishi Nairobi miaka miwili karibu na soko lile bila kujua kwamba jina lake ni la wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, Carrier Corps, watu wetu waliobebeshwa mizigo ya Waingereza mpaka Tanganyika, wakafa kwa makumi ya maelfu, na waliowaua wengi ni kuhara, homa na unga usioiva. Nao pia iliaminika kwamba Mwafrika anaweza kula chochote na kulala popote. Tulikaa kimya muda mrefu baada ya hapo, mimi na yeye, tukitazama mtego wa nzi tuliokuwa tumetundika.

Barua niliyompelekea mpwa wangu ilikuwa na haya yote, na mengine madogo: anywe maji kabla kiu haijaja, abadilishe soksi hata akiwa amechoka kufa, asimcheke anayekagua choo. Mwisho nikamwambia, "Wakikwambia mwili wako ni wa namna fulani, uulize mwili wenyewe kwanza."

Kwenye mafunzo ya mwanzo simu hazishikwi hovyo, kwa hiyo alijibu kwa karatasi. Barua imenifikia juzi. Anasema walipojua ametoka Kenya walimweka mbele katika kila mbio, kila asubuhi, wakimwita bingwa. Wiki ya nne mguu wa kushoto ukaanza kumuuma chini ya goti. Alikimbia nao siku tatu, kwa sababu wenzake walikuwa wanamshangilia. Siku ya nne aliisoma tena barua yangu chooni, mahali pekee pa faragha, akaenda kwa sajini wake akasema, "Mguu unauma, naomba daktari." Picha ilionyesha mfupa umeanza kupasuka.

Ameandika kwa penseli, mistari imepinda. Anasema ameketi kwenye benchi nje ya zahanati, mguu umeinuliwa juu ya kiti, na wenzake wanapita wakikimbia bila yeye.